Sindano ya bega kwa ultrasaundi: naipa nyota nne, ya tano wameikosa wenyewe

Bega la kulia limenisumbua miezi saba. Mchana nikitulia hata silisikii, ila ninyanyue mkono kutoa kitu juu ya kabati, au niupeleke nyuma kufunga sidiria, hapo ndo najuta, na usiku nikijisahau nikalalia upande ule naamka kama nimechomwa msumari. Daktari wa kwanza alipapasa bega kwa kidole, akatafuta upenyo chini ya mfupa akadunga, dakika mbili kamaliza. Nafuu siku tatu, likarudi palepale. Ndo nikaenda kwenye hii ya ultrasaundi.

Mashine ni ileile ya wajawazito, mawimbi ya sauti tu, haina mionzi kama eksrei. Unapakwa jeli (ya baridi, jamani, hakuna anayejisumbua kuipasha) halafu kile kidude kinatembezwa juu ya bega. Dokta akaniambia niweke kiganja kama nakiingiza kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, nami nimevaa gauni, nikajishika kiuno huku nang'ata meno maana ndo pozi lilelile la sidiria. Kumbe ile kano inayosumbua wengi (kano ni ile kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa) imejificha chini ya mfupa, mkono ukikaa vile inachungulia nje.

Akanigeuzia skrini. Mi niliona ukungu wa kijivu tu, mpaka alipoanza kunyooshea kidole: huu mstari mweupe unaong'aa ni mfupa, utepe uliopinda juu yake ndo kano, na juu ya kano kuna kamstari keusi kembamba, hicho ni kifuko cha kulainisha, wanaita bursa. Cha kwangu kimevimba, kina maji. Kano haijachanika. Nilishusha pumzi aisee, miezi yote hiyo nilishajiaminisha kuna kitu kimekatika humo ndani.

Sindano inaingia kwa ubavuni na unaiona inavyokuja, uzi mweupe unasogea taratibu hadi kwenye kale kamstari, akasukuma dawa kakafunguka kama mfuko wa nailoni ukipulizwa. Nilisikia kubanwa zaidi ya kuumia. Nikanyanyua mkono palepale, haumi! Usidanganyike, hiyo ni ganzi iliyochanganywa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, usiku ganzi ikaisha na siku mbili zilizofuata bega likauma kuliko mwanzo, siku ya tano ndo nafuu ya kweli ikaanza. Mwenye kisukari aseme mapema, steroidi inapandisha sukari siku kadhaa.

Sasa je, ni mashine ndo imeniponya? Nilimuuliza dokta akawa mkweli, nikampenda kwa hilo. Kasema kwa sindano ya kawaida kama yangu, ya kupapasa na ya kuangalia hazijapishana sana kwa maumivu, na kweli Cochrane, wale watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, walipitia majaribio hayo mwaka 2012 na tena 2021, faida ya kutumia picha ikaonekana ndogo au hamna. Kwa hiyo kama ulipo hakuna hiyo huduma usijione umepunjwa. Mi nilichofaidi ni kuona tatizo lenyewe, kujua siyo kano. Pia kuna mengine picha inasaidia sana, mfano kalisiamu ikiganda kwenye kano wanaifuata na sindano kuisafisha, hiyo huwezi kufanya kwa kubahatisha.

Nyota ya tano sasa. Miadi saa tatu, nimeingia saa tano na nusu, hakuna hata wa kusema samahani. Halafu naondoka naambiwa "fanya mazoezi kidogo kidogo", mazoezi gani? Karatasi hamna, mara ngapi hamna. Ikabidi nitafute fizio mwenyewe, ndo akanionyesha ya kuvuta mkanda wa mpira na ya kutambaza vidole ukutani, na bila hayo sidhani kama ningefika hapa.

Hii ni wiki ya sita. Upande ule nalalia vizuri tu. Sidiria bado nafungia mbele halafu nazungusha.