Kichocheo cha neva kwa kifafa kisichosikia dawa: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Mimi ni mwalimu wa madrasa na muadhini mjini Arua, Uganda, na nina kifafa tangu utotoni. Nilianza na fenobabito, nikahamishiwa karbamazepini, kisha nikaongezewa valproeti, lakini bado nilikuwa nikianguka mara nane hadi kumi kwa mwezi. Madaktari huhesabu kifafa kuwa sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kumezwa ipasavyo zinaposhindwa kukituliza, na karibu theluthi moja ya wenye ugonjwa huu wako hivyo. Kwa kuwa changu huanzia sehemu zaidi ya moja ya ubongo, upasuaji wa kuondoa chanzo haukufaa. Ndipo nikaenda India kuwekewa kichocheo cha neva ya vegasi, yaani kifaa kidogo cha umeme kinachoamsha mshipa wa fahamu unaopita shingoni kwenda ubongoni.

Kifaa hukaa chini ya ngozi ya kifua, upande wa kushoto, na waya wake hupandishwa hadi shingoni na kuzungushwa kwenye neva hiyo, ambayo ndiyo hupeleka msukumo wa umeme ubongoni, kwa hiyo fuvu halitobolewi. Changu hufanya kazi sekunde 30, kikapumzika dakika 5, usiku na mchana.

Nafuu huja polepole mno. Miezi minne ya kwanza sikuona tofauti yoyote, na ilipita mwaka mmoja na nusu ndipo nikafikia kuanguka mara tatu kwa mwezi. Dawa sikuacha. Marekani iliidhinisha tiba hii mwaka 1997, na hata huko takribani nusu tu ya wagonjwa ndio ambao ugonjwa huwapungukia kwa nusu au zaidi. Wanaoacha kuanguka kabisa ni wachache.

Kero yangu kubwa ni sauti. Umeme unapopita, koo hukwaruza na sauti hukauka, jambo zito kwa muadhini. Dawa yake ni sumaku inayotolewa pamoja na kifaa: ukiipitisha mara moja juu ya kifua, huamsha msukumo wa ziada, na mke wangu amewahi kunikatizia kifafa namna hiyo; ukiishikilia hapo hapo, kifaa hunyamaza mpaka uiondoe. Kwa hiyo siku hizi huadhini mkono mmoja sikioni na mwingine kifuani, na watoto wa madrasa wanadhani ni sunna niliyoisoma India.

Hospitali iliyonipasua sitaitaja, ila walinihakikishia kwamba nguvu ya umeme ingerekebishwa karibu na kwetu. Niliporudi sikupata kliniki yenye kompyuta ya kazi hiyo, nikalazimika kusafiri tena mara mbili, safari zilizomeza ng'ombe wanne na kiwanja cha marehemu baba. Betri nayo ikiisha, nitapasuliwa upya kifuani. Kifaa nakipa nyota nne kati ya tano. Huduma ya baada ya upasuaji naipa moja, na anayeniuliza bei humwambia kwanza adai kwa maandishi jina la atakayekirekebisha na mji aliko.