Vinywaji vya shughuli Mombasa: nini ununue kwanza na nini uache dukani

Nimekaa jikoni kwenye shughuli nyingi za watu hapa Mombasa, arusi, akika, besdei za watoto, na kosa huwa lile lile, mtu anamaliza pesa kwa mbuzi na mchele halafu vinywaji anavikumbuka saa sita mchana, jua la kaskazi liko utosini, ndo anatuma kijana mbio dukani. Hesabu yangu ni gilasi ya mililita 250, kila mtu mbili, kwa hivyo wageni 50 ni lita 25 za juisi. Maji kando, tena mengi kuliko juisi, manake mgeni wa Mombasa hajavua hata viatu ashaomba maji.

Namba moja ni ukwaju na sitaki ubishi. Marikiti upo, Kongowea upo, bei haiumi, na kwa pilau ule uchachu unakata mafuta yote. Kubwa zaidi unakamua usiku na kesho yake bado uko sawa. Chagua ulio laini, unaonata mkononi, ule mkavu kama gome la mti mwachie mwenyewe. Roweka kilo moja kwa maji ya moto, vuruga kwa mkono mpaka kokwa ziachane na nyama, chuja mara mbili, mimi hiyo kilo naifikisha lita nane hivi, tia sukari, tangawizi ya kutwanga na chumvi chembe tu. Ila usiulaze kwa sufuria ya alumini, uchachu unakula sufuria na juisi inashika ladha ya bati, tumia ndoo safi ya kufunika.

Namba mbili madafu. Ongea na muuzaji aje na mkokoteni na panga lake mlangoni, wageni wakatiwe hapo hapo. Na uyatikise kabla hujalipa! Dafu lililojaa halina sauti, ukisikia maji yacheza ndani ujue hilo ni koroma, lishaanza safari ya kuwa nazi, na utauziwa kwa bei ya dafu. Yaliyomiminwa kwa chupa tangu jana usiyaguse, yanachacha upesi kwa joto hili.

Tatu ni embe na pasheni. Embe subiri msimu, ukipata ngowe iliyoiva vizuri hata sukari hutii nyingi. Pasheni kwa blenda zungusha mara mbili tatu basi, ukisaga mbegu juisi yaingia uchungu na vidoti vyeusi.

Hapa niseme kuhusu barafu. Mwaka mmoja tulinunua mabonge makubwa kwa bei ya kutupa, tukayavunja ndani ya ndoo ya pasheni, shangazi akaonja akaniangalia, "Mwanangu, hii juisi ya changu?" Kumbe ile barafu ni ya kuwekea samaki. Lita ishirini tulimwaga mtaroni. Toka siku hiyo nagandisha maji ya kunywa kwa chupa, nazitumbukiza zikiwa zimefungwa, juisi yapoa na haiwi maji maji.

Nne soda. Kreti ya chupa za mililita 300 ni chupa 24, kwa hivyo wageni 50 kreti mbili hazitoshi hata moja moja. Stoney Tangawizi huisha kwanza siku zote sijui kwa nini watu hununua Fanta nyingi hivyo. Chupa zihesabu jioni kabla watu hawajaondoka, zikipotea unalipa wewe.

Juisi ya miwa ni tamu lakini inabadilika rangi haraka, kama mwenye mashine haji nayo kwako achana nayo. Za unga ni za dharura. Lassi na vitu vya maziwa juani, hapana, labda una friji la maana.

Kahawa chungu siiweki kwenye foleni hii kabisa, ina wenyewe. Wazee wakishakula wataiulizia, na wale wenye sukari hapo mezani hawana kingine zaidi ya maji, kwa hivyo mwite muuza kahawa mapema, aje baada ya alasiri na dele lake na vikombe vyake. Kashata nunua wewe.