Synology DS220+ na Hyper Backup: tathmini baada ya kurejesha ramani iliyoharibika

Ofisi yetu ya upimaji ardhi hapa Dodoma imetumia Synology DS220+, kifaa cha kuhifadhia faili za ofisi nzima kupitia mtandao wa ndani, kwa zaidi ya miaka mitatu, na katika tathmini hii nimejibana kwenye swali moja: siku faili inapopotea, je, kifaa hiki kinairudisha? Chenyewe kilitoka mwaka 2020, kina nafasi ya diski mbili na kumbukumbu ya GB 2, na kwa watu sita wanaofungua ramani na michoro kutwa nzima kimetutosha.

Tumeweka diski mbili za TB 4 kwa mpangilio wa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye diski moja huandikwa papo hapo kwenye ya pili. Wengi huishia hapo wakiamini kwamba tayari wana nakala rudufu, na imani hiyo imewaliza watu wengi. Mpangilio huo hukuokoa diski moja inapokufa, lakini faili ikifutwa au ikiharibiwa, huharibika kwenye zote mbili kwa wakati uleule. Sisi tulilishuhudia hilo Jumatano moja jioni, kijana wetu alipofungua ramani ya viwanja 214, akaondoa alama za mipaka ili achapishe nakala nyepesi, kisha akahifadhi kwa jina lilelile na kwenda zake nyumbani. Asubuhi yake, kazi ya wiki tatu za kutembea juani na vifaa begani ilikuwa mistari mitupu.

Kilichotuokoa ni Hyper Backup, programu ya Synology isiyolipiwa, ambayo kila siku saa mbili usiku hupeleka mabadiliko kwenye diski ya nje iliyochomekwa kwa USB. Kwa kuwa hubeba sehemu zilizobadilika tu, nakala ya kwanza ilituchukua usiku kucha, ilhali za kila siku huisha ndani ya dakika chache. Tumeiwekea utaratibu wa kuhifadhi toleo la kila siku kwa mwezi mmoja, na baada ya hapo toleo moja kwa wiki.

Kurejesha kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko nilivyotarajia. Nilifungua orodha ya nakala, nikasogeza mstari wa tarehe ulio chini ya dirisha hadi Jumanne, na folda zikajitokeza kama zilivyokuwa usiku ule. Programu hutoa njia tatu: kurudisha faili mahali pake, kuinakili kwenye folda nyingine, au kuipakua. Ninashauri kwa msisitizo njia ya pili, kwa sababu ya kwanza hufunika faili iliyopo, na huenda ndani yake kuna jambo ambalo bado unalihitaji. Alama zote za mipaka zilirudi. Tulichopoteza ni marekebisho ya siku moja tu.

Kasoro zipo. Nakala huhifadhiwa kwa muundo wa Synology wenyewe, kwa hiyo ukichomeka diski ile kwenye kompyuta ya kawaida huoni ramani zako, bali furushi moja lisilofunguka mpaka uwe na Hyper Backup Explorer. Programu hiyo ni ya bure, lakini ipakue na uijaribu mapema, usisubiri kifaa kiungue. Vilevile, usimbaji wa nakala, yaani kuifunga isisomeke bila nywila au ufunguo, huamuliwa wakati wa kuunda kazi ya kunakili. Ukiusahau, itakubidi uanze upya.

Jambo jingine ni diski ya nje kubaki imechomekwa mwaka mzima. Mwaka 2014 programu hasidi iitwayo SynoLocker ilifunga data kwenye vifaa vya Synology vilivyokuwa wazi kwenye intaneti na kutumia mfumo wa zamani, na shambulio la namna hiyo linaweza kufika hadi kwenye nakala iliyo karibu. Kwa sababu hiyo tuna diski mbili za nje, kila moja na kazi yake ya kunakili, zinazopokezana kila Ijumaa. Iliyopumzika hukaa nyumbani kwa mhasibu wetu. Ufunguo wa usimbaji tumeuweka kwenye flashi iliyofungiwa kabatini, mbali na diski zote mbili, kwa kuwa anayepoteza nywila na ufunguo kwa pamoja hana wa kumfungulia, hata Synology wenyewe.