Ziara maalumu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara: nyongeza ya bei inanunua nini?

Nimevuka mara mbili kwenda Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale katika pwani ya kusini ya Tanzania. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ziara ya kawaida tuliyojipangia wenyewe palepale Kilwa Masoko, na mara ya pili, mwishoni mwa Septemba, kwa ziara ambayo kampuni iliyoiuza iliiita ya daraja maalumu. Ya kwanza ilinigharimu shilingi 55,000 na ya pili shilingi 240,000 kwa kila kichwa. Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Mtwara, na mtu wa kazi hiyo hawezi kuambiwa kwamba shilingi 185,000 za ziada ni za "huduma bora" akaridhika bila kuifungua bahasha na kuhesabu kilichomo. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza niliziona siku moja tu.

Ziara ya kawaida haina siri yoyote. Msafiri anayetoka Mtwara au Lindi anashuka Nangurukuru, anapanda gari dogo hadi Masoko, anapita ofisini kuchukua kibali, kwani kwenye magofu hakuendwi bila kibali, anapewa mwongozaji, kisha wanateremka pwani kutafuta chombo. Tulikuwa watatu, mimi na wenzangu wawili wa ofisini, na ulikuwa mwezi wa Agosti, pepo za kusi zikivuma kwa nguvu. Dau la tanga lilituvusha vizuri asubuhi, tukaliona Gereza, ambalo ni ngome ya kale, tukauona Msikiti Mkuu na jumba la Makutani, na mwongozaji alikuwa mtu anayejua kazi yake. Kasoro ilikuwa moja. Nahodha alikuwa na abiria wengine wa kuwafuata, upepo ulikuwa unazidi kuchafuka, na Husuni Kubwa, jumba la kale la sultani ambalo ndilo hasa lililonitoa Mtwara, tuliiona kwa dakika zisizofika ishirini, tukihema baada ya kuifuata kwa miguu kwenye jua la saa saba. Tulirudi Masoko tumelowa hadi mashati.

Safari ya pili nilimchukua mke wangu pamoja na baba yangu mzazi, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kukimbizana na nahodha. Hilo ndilo lililonifanya nitazame bei ya juu kwa jicho tofauti, na ni haki msomaji alijue mapema, kwa sababu hukumu yangu ingekuwa nyingine kama ningekwenda na vijana watupu.

Kwa fedha ile tuliahidiwa gari la kutuchukua Nangurukuru na kuturudisha, boti ya injini ya peke yetu kwa siku nzima, visiwa viwili badala ya kimoja, chakula cha mchana, na "mtaalamu wa historia" atakayefuatana nasi kutoka Dar es Salaam. Gari lilikuja kwa wakati. Boti ilikuwa safi, yenye turubai la kivuli na maboya ya kuvaa ya kututosha sote, na nahodha alikuwa ameshapiga hesabu ya maji kabla hatujafika. Tuliondoka Masoko saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuelekea Songo Mnara kwanza, wakati maji yanajaa, kwa sababu kisiwa kile kimezungukwa na mikoko, na anayefika maji yakiwa yamepwa hulazimika kushuka mbali na kutembea kwenye tope. Hata kwa maji yale Baba alishuka yakimfika magotini, ameshikwa mkono upande huu na huu. Maji yangekuwa yamepwa, nadhani angebaki botini.

Songo Mnara peke yake ilinifidia sehemu kubwa ya gharama. Kilwa Kisiwani unaona majengo ya utawala na ya ibada yaliyosimama mbalimbali, yamekaa katikati ya watu na mashamba yao, ilhali Songo Mnara unaingia katika mji mzima ambao wenyewe waliuacha, wenye ukuta wake, misikiti yake, jumba lake kubwa na nyumba ambazo bado unaweza kuzisoma chumba baada ya chumba. Unapita barazani, unaingia ukumbini, unafika kwenye vyumba vya ndani, na kila hatua faragha inaongezeka kama ilivyo katika nyumba za zamani za mwambao hadi leo. Baba alisimama mbele ya ukuta wenye zidaka, vile vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, akaingiza kiganja katika kimoja, akapapasa chokaa ndani yake. Lile jiwe la matumbawe pembeni yake lilikuwa na mistari ya kuzungukazunguka, alama ya mdudu wa baharini aliyelijenga, na mistari hiyo ilikuwa imekatwa sawasawa kwa shoka au patasi ili kupata kona ya mlango. Alikaa hapo muda mrefu na hakuna aliyemharakisha. Nilipotazama saa nikakuta tumetumia saa mbili kasorobo kisiwani hapo, nikaanza kuelewa kwamba bidhaa niliyokuwa nimeinunua ilikuwa ni muda, turubai na maboya vikiwa nyongeza tu.

Kilwa Kisiwani tulifika karibu na saa tano. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe na ilianza katika karne ya 11, na upande wa kusini wenye kuba na matao ukaongezwa baadaye, ni mahali pa kukaa kivulini na kutazama juu, na safari hii tulikaa. Husuni Kubwa tuliiacha hadi saa tisa alasiri jua lilipopoa, tena tulizungushwa kwa boti badala ya kutembea. Nafasi ile kwangu ilikuwa kama deni lililolipwa. Jumba hilo la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14, lina vyumba zaidi ya 100 na limejengwa juu ya mwamba unaotazama bahari, na ndani yake kuna birika la kuogelea la pembe nane ambalo picha haziwezi kulieleza. Nililizunguka nikihesabu pembe kama mtoto. Ngazi za kushukia zimelika, chini kulikuwa na majani makavu na mjusi mmoja, na upande wa pili unaiona bahari ileile iliyoleta kauri za China na kupokea dhahabu ya Sofala, katika Msumbiji ya leo.

Sasa niseme juu ya mtaalamu wa historia, kwa kuwa ndiye aliyetajwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Alikuwa kijana mwenye adabu sana, aliyemwamkia Baba kwa heshima zote na kumbebea mfuko kutwa nzima, lakini maarifa yake yalikuwa yamo kwenye simu. Alituambia kwamba Gereza lilijengwa na Wareno, akataka kuendelea mbele. Mwongozaji wa ofisini, bwana wa makamo mzaliwa wa Kisiwani ambaye tulikuwa naye vilevile kwa kuwa ndivyo utaratibu ulivyo, alikohoa kidogo na kusema kwa upole, "Mzee, hapa pana habari mbili." Akaeleza kwamba Wareno waliuteka mji mwaka 1505, wakajenga ngome yao, wakaondoka mwaka 1512, na kwamba jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani, lililoinuliwa pale palipokuwa na mabaki ya ile ya kwanza. Alituonyesha kwa kidole jinsi mawimbi yalivyokula upande mmoja wa ngome, na mikoko inavyopandwa ili kupunguza nguvu ya maji, akaongeza kwamba mmomonyoko wa namna hiyo ulichangia magofu haya, yaliyoingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, kuwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014.

Kuanzia hapo Baba hakumuuliza mtu mwingine swali. Alitaka kujua sultani yule alikuwa mtu wa namna gani hata akahitaji vyumba vyote vile, na yule bwana akamjibu kwamba msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipofika hapa mwaka 1331 alimkuta mtawala mkarimu kiasi cha kupewa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Kijana wetu alikuwa anaandika. Simlaumu yeye. Ninailaumu kampuni iliyotutoza fedha za kumsafirisha na kumlaza mtu kutoka Dar es Salaam, wakati aliyejibu maswali yetu alikuwa tayari kisiwani na tungempata kwa vyovyote.

Chakula nitakipitia haraka kwa sababu hakistahili zaidi. Tulipewa maboksi yenye mkate, kipande cha kuku kilichopoa na soda, wakati mwaka ule mwingine tulikula Kisiwani wali wa nazi na pweza kwa shilingi 8,000 kwa sahani baada ya mwongozaji kuagiza kwa mama mmoja wa kijijini kabla hatujaanza kuzunguka. Mke wangu aliufunga mkate wake na kuurudisha kwenye boksi.

Nilipofika nyumbani nilichukua karatasi. Kulinganisha 55,000 na 240,000 ni kulinganisha visivyofanana, kwa sababu ziara ya kwanza ilikuwa ya kisiwa kimoja na dau la kuchangia. Nikajiuliza ningetumia kiasi gani kama ningepanga mwenyewe siku ileile kwa watu watatu. Kabla ya kuondoka Masoko nilikuwa nimeulizia pwani, na kukodi boti ya injini kwa visiwa vyote viwili niliambiwa shilingi 300,000. Vibali, viingilio vya raia na ujira wa mwongozaji nilivikadiria 90,000, chakula cha kijijini 24,000, gari la Nangurukuru kwenda na kurudi 36,000. Jumla ni 450,000. Kampuni ilipokea 720,000. Nyongeza halisi, basi, ilikuwa 270,000, yaani shilingi 90,000 kwa mtu, na hiyo ndiyo bei ya kupangiwa.

Je, kupangiwa kunafikia shilingi 90,000? Kwa Baba, ndiyo, na ningelipa tena bila kunung'unika, maana mtu alikuwa ameshafikiria maji yatajaa saa ngapi, mzee atashukia wapi, na jua litakuwa upande gani tutakapopanda Husuni Kubwa. Mambo hayo ningeyakosea yote matatu. Kwa mgeni mwenye siku moja tu, asiyejua pwani wala asiyetaka kubishana bei na manahodha, vilevile ndiyo. Kwa watu wanne au watano wenye miguu mizima, jibu langu ni hapana, kwa kuwa boti ile ile ikigawanywa kwa watano inamshukia kila mmoja kwa shilingi 60,000, na kinachobaki kufanya ni kulala Masoko usiku mmoja, kumwuliza nahodha habari za maji jioni yake, na kumwagizia yule mama wa kijijini wali mapema.

Anayeamua kulipa bei ya juu aulize mambo mawili kabla ya kutuma malipo ya awali: kama boti ni ya kundi lake peke yake hadi jioni, na kama Songo Mnara imo kweli au imeandikwa "maji yakiruhusu". Akijibiwa kwa maneno ya kuzungukazunguka, afahamu kwamba amepewa ziara ya kawaida iliyovishwa kanzu mpya. Kampuni yetu ilijibu yote mawili sawasawa, na nimewaandikia kupendekeza kwamba fedha ya kumleta kijana kutoka Dar es Salaam wamwongezee mwongozaji wa Kisiwani na mama mpishi. Hawajajibu bado. Mimi na wenzangu wa ofisini tumeshapatana na nahodha wa boti kwa mwezi wa Februari, baada ya minada ya korosho kwisha, na tutakuwa watano.