Seti ya dinosaria mdomo-bata: vichwa safi, sauti ya simba

Nilinunua hii seti kwa ajili ya mwanangu, ana miaka 6 na dinosaria ndio ugonjwa wake kwa sasa, ila kusema kweli aliyekaa nao sakafuni muda mrefu ni mimi. Wako wanne kwenye boksi, Parasaurolophus, Corythosaurus, Edmontosaurus na Maiasaura mwenye kiota na mayai matano. Plastiki ngumu, rangi haijachubuka mpaka leo pamoja na kwamba wanaogeshwa kwenye beseni kila jioni.

Vichwa wamevipatia aisee. Ile pembe ndefu ya Parasaurolophus inayolala kisogoni imetoka vizuri na kwenye ncha hawajatoboa tundu, utasema kitu kidogo hicho, lakini zamani kuna wataalamu walidhani jamaa alikuwa anazama majini halafu anapumulia pembe, wakati mfupa umezibwa kule mwisho hewa haipiti. Ndani ni mirija tu, inatoka puani inapanda mpaka kwenye ncha inapiga kona inarudi chini, yaani mnyama amezaliwa na baragumu kichwani. Mwaka 1997 kule New Mexico, Marekani, watu wa makumbusho na maabara ya Sandia walipiga fuvu lake skani wakatengeneza mlio wake kwa kompyuta, ni mzito, wa chini, ukiusikia unasisimka.

Sasa bonyeza kitufe cha huyu wangu. Simba! Ananguruma kama simba mwenye njaa jamani, mla majani huyu. Na wote wanne wana mlio uleule, hata Edmontosaurus ambaye hana pembe ya mfupa kabisa. Mtengenezaji alikuwa na mnyama ambaye sauti yake imefanyiwa utafiti, afu akaenda kumwekea ya simba, hapo ndo nilipochoka.

Lingine ni miguu na mkia. Miguu ya mbele wamewawekea utando katikati ya vidole kama bata, hayo ni mawazo ya kizamani. Mwaka 1908 kule Wyoming familia ya Sternberg, wachimbaji wa mifupa ya kale, walichimbua Edmontosaurus ambaye alama za ngozi zimebaki, yuko New York kwenye makumbusho ya American Museum of Natural History, watu wakaona ngozi ya mkononi wakasema huyu ni muogeleaji, na wachoraji wakawaweka kwenye madimbwi miaka na miaka. Kumbe ni nyama ya kiganja ilikauka ikabonyea. Mtaalamu wa dinosaria John Ostrom mwaka 1964 ndo akaandika kwamba hawa ni wanyama wa nchi kavu, wanatafuna mimea ya nchi kavu.

Edmontosaurus wangu pia amesimama wima, mkia umeburuzwa chini, vilevile walivyomsimamisha Hadrosaurus kule Philadelphia mwaka 1868, ile mifupa ya kwanza ya dinosaria kusimamishwa duniani (fuvu hawakuwa nalo wakachonga la kwao!). Mkia wa kweli ulikaa mgumu kwa nyuma kwa sababu kano zake ziligeuka mfupa. Naelewa kiwandani mkia ni mguu wa tatu ili asianguke, lakini mbona Corythosaurus ana miguu minne chini na haanguki? Na meno! Huyo Edmontosaurus wamemchora machonge mbele ya mdomo, wakati pale mbele hana hata jino moja, ni mdomo mtupu kama wa kobe, meno yako nyuma mashavuni mamia kwa mamia yamebanana, yakilika mengine yanapanda, ni jiwe la kusagia.

Maiasaura ndo anabeba seti nzima. Jina maana yake mjusi mama mwema, walimpa watafiti wa dinosaria Jack Horner na Robert Makela mwaka 1979 baada ya kupatikana viota kule Montana, na humo vichanga ambao viungo vya miguu havijakomaa ila meno yameshaanza kulika, maana yake chakula waliletewa. Kipande cha mfupa wake na ganda la yai vilishapelekwa mpaka angani mwaka 1985, sasa mimi hata ndege napanda kwa kuhesabu. Kosa moja tu, kiota kina kishimo cha mama kukalia mayai kama kuku, na mnyama wa mita 9 akikalia mayai hayo ni chapati, walifunika kwa majani yanayooza ndo yanatoa joto.

Mwenye mtoto mdogo anisikilize hapa, mfuniko wa betri hauna skrubu, nimeufungua kwa kucha, na ndani ni zile betri za kitufe ambazo mtoto akimeza ni hospitali mbio. Hili peke yake nakata nyota mbili, nawapa 3 kati ya 5. Betri nimezitoa za wote wanne, sasa hivi mwanangu anapulizia kile kigogo cha karatasi ya chooni na anakaribia mlio wenyewe kuliko kiwanda.