Duka la Mbuyuni lililochapa wasifu wa baba

Ukitoka stendi kuu ya Moshi kwenda Soko la Mbuyuni utapita vibanda vingi vya stesheneri. Ninachokisifia hapa hakina hata jina ukutani. Kuna karatasi tu imebandikwa dirishani: tunachapa wasifu wa marehemu, kadi, ratiba za ibada. Niliingia Jumatano saa nne asubuhi. Baba alikuwa amefariki Jumatatu usiku na mazishi yalipangwa Ijumaa. Kamati ilinikabidhi wasifu mimi kwa kuwa ndiye kifungua mimba, tena mwalimu, wakaona kuandika hakutanishinda.

Nilikuwa na ukurasa mmoja, nimeuandika kwenye daftari ndani ya basi kutoka Dodoma. Alizaliwa 1946 Marangu, akabatizwa, akasoma, akaoa, akajaliwa watoto sita na wajukuu kumi na wanne, akaanza kusumbuliwa na kisukari, na mwisho ule mstari wa Ayubu. Mama mwenye duka aliusoma wote, akavua miwani, akasema, "Pole sana, mwanangu. Lakini hapa umeniandikia tarehe. Baba yako akiamka asubuhi alianza na nini?"

Nikamjibu, alianza na mfereji.

Aliyekulia kwenye vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa ya Kilimanjaro, ataelewa. Maji yanashuka kutoka msituni kwa mifereji waliyoichimba mababu, na kila kaya ina zamu yake. Baba alikuwa msimamizi wa mfereji wetu kwa miaka mingi. Ukifika msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba usiku kuwakumbusha watu, na asubuhi aliandika kwenye daftari nani kaja na nani hakuja. Asiyekuja alitozwa. Jirani yetu mmoja alikuwa mjane mwenye watoto wadogo, hakuwa na mtu wa kumtuma. Baba hakumfuta kwenye daftari wala hakumsamehe mbele ya watu, maana hilo lingemwaibisha. Alinipa jembe, nikiwa na miaka kumi na miwili, akaniambia nikasimame kwenye sehemu ya yule mama. Likaandikwa jina la yule mama kuwa amefika. Ilikuwa hivyo kila msaragambo mpaka mwanawe wa kwanza alipoweza kushika jembe.

Nilipomaliza kusimulia, nikaona tayari amechapa. Alikuwa akiandika muda wote huo, maneno yangu kama nilivyoyasema, na wateja wa kopi akawaachia kijana wake. Tulikaa karibu saa mbili. Palipokuwa na utata wa mwaka alinitaka nimpigie baba mdogo, tukamweka kwenye spika.

Ndiyo maana wasifu ule una mambo ambayo mimi peke yangu nisingeyaweka. Una habari kwamba baba alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi, enzi ambazo kahawa yetu yote ilikwenda KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, na kwamba hakuandika kilo za mtu kabla mwenyewe hajausogelea mshale na kuutazama. Wasiojua tarakimu aliwafundisha palepale, gunia likiwa linaning'inia. Serikali ilipovunja vyama vya ushirika 1976 alirudi shambani, lakini watu waliendelea kumwita Karani hadi anazikwa. Una habari za 1989 pia, makubaliano ya dunia ya kugawana mauzo ya kahawa yalipovunjika na bei ikaanguka. Majirani waling'oa mibuni. Baba alibakiza mistari yake, akauza ng'ombe ili mimi niendelee na sekondari, na maziwa ya chai tukawa tunapewa na shangazi.

Na una pasi ya mkaa. Hili nililisema kwa sauti ya chini, nikiona si la kusomwa kanisani. Mama alikuwa anauza ndizi hapohapo Mbuyuni, siku za soko anarudi giza limeingia. Baba alitupikia kiburu, ndizi na maharage, akatunyooshea sare zote za shule kwa pasi ya mkaa, kisha akachukua tochi akateremka barabarani kumpokea mama na kumtua kapu. Miaka yote ile, wanaume wengine wakimwangalia. Mama mwenye duka alisema, "Hili liende ukurasa wa kwanza." Tulilipeleka ukurasa wa tatu, lakini alikuwa na haki.

Sasa niseme kazi yenyewe. Tulitoa nakala 250, kurasa nane, jalada la rangi, ndani nyeusi na nyeupe, kwa shilingi 1,800 kila moja. Jumla 450,000, nusu nikaitanguliza. Duka jingine nililopitia kabla lilitaka 3,500 na kuniambia nikichelewa kuamua bei itapanda. Maneno hayo kumwambia mtu mwenye msiba yaliniuma, na bado yananiuma.

Picha ndiyo ilinihangaisha. Baba ana picha moja tu ya ujana, ya harusi yake 1972, imekunjwa katikati na mkunjo umepita shavuni. Mkunjo aliuondoa vizuri mno. Ila mara ya kwanza aliung'arisha uso mpaka akawa mtu mwingine, mweupe, laini, hana ile mikunjo ya paji la uso aliyozaliwa nayo. Nilimwambia huyu si baba. Hakubishana, alianza upya. Ukienda, omba uione picha ikiwa kwenye karatasi, kwenye kompyuta inadanganya.

Umeme ulikatika Alhamisi mchana. Vitabu nilivyoahidiwa saa kumi nilivipata saa mbili usiku, na nakala kama kumi na tano zilikuwa na kurasa za katikati zimegeuzwa juu chini. Tulizigundua nyumbani, wajukuu wakizipanga kwenye maboksi. Nilipompigia alirudisha fedha za hizo kumi na tano kwa simu, kabla sijaomba. Bado ningependa angekagua mwenyewe, maana usiku ule hatukuwa na nguvu ya kukagua chochote.

Baba mdogo alisoma. Alipofika kwenye mnada wa kanisani, jinsi baba alivyokuwa akinunua mkungu wa ndizi wa sadaka kisha anaurudisha unadiwe tena, mara tatu, mpaka mchungaji anacheka, usharika wote ulicheka kwa machozi. Alipofika kwenye jembe la yule mjane, alinyamaza kidogo kisha akaendelea. Mjane mwenyewe alikwishatangulia. Mwanawe alikuwapo, ni mtu mzima sasa, na baada ya kuweka mashada alinifuata pale migombani akaniuliza kama kweli yale majina kwenye daftari yalikuwa hivyo. Hakuwahi kuambiwa. Alichukua nakala nne, moja kwa kila ndugu yake.

Mama hasomi vizuri siku hizi, macho. Kila jioni anamwomba mjukuu amsomee ukurasa wa tatu.

Duka linafunguliwa saa mbili asubuhi, Jumapili limefungwa. Nendeni na picha halisi, siyo ya kupigwa tena kwa simu. Nendeni na mtu wa ukoo anayekumbuka miaka, au muwe na namba yake. Na tengeni muda wa kukaa, kwa sababu atawauliza maswali.