Ushauri wa uzazi wa mpango: chumbani vizuri, mapokezini vibaya

Huduma ya ushauri wa uzazi wa mpango niliyoipata katika kliniki moja binafsi inastahili kupimwa kwa kipimo cha sheria, kwa kuwa Ibara ya 16 ya Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi dhidi ya Wanawake wa mwaka 1979 inampa mwanamke, sawa na mwanamume, haki ya kuamua kwa uhuru idadi ya watoto na muda wa kuwapata, pamoja na kupewa taarifa na njia za kuitumia haki hiyo. Mshauri alieleza kila njia, madhara yake na namna ya kuiacha, kisha akaniachia muda wa kuisoma fomu ya ridhaa. Hilo si jambo dogo: mwaka 2006 Kamati ya mkataba huo iliona kuwa Hungaria ilikiuka haki za mwanamke aliyefungwa kizazi baada ya kutakiwa kutia saini, akisubiri upasuaji wa dharura, katika maandishi asiyoyaelewa. Kasoro iko mapokezini, ambako niliulizwa mbele ya wateja wengine iwapo mume wangu ameridhia. Swali hilo likiondolewa, nitaipendekeza huduma hii bila kusita.